Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu: fungua chumba cha kusomea, watambue wahitimu wa ukutubi na nyaraka

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya yetu
Nakala: Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri na Waheshimiwa Madiwani; Afisa Utumishi; Afisa Utamaduni; wananchi wa wilaya hii

YAH: KUFUNGWA KWA CHUMBA CHA KUSOMEA NA KUTOTAMBULIWA KWA KAZI ZA WAHITIMU WA UKUTUBI NA NYARAKA

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wahitimu na wanafunzi wa ukutubi, yaani kazi ya maktaba, na utunzaji wa nyaraka tunaoishi katika wilaya hii. Wengi wetu tumesoma Bagamoyo, kwenye chuo cha ukutubi na uhifadhi nyaraka. Wengine tumetoka Chuo cha Utumishi wa Umma, na wachache vyuo vikuu. Tulirudi nyumbani na astashahada, stashahada na shahada zetu, tukaomba kazi, tukafanya usaili, tukasubiri. Wakati tunasubiri tukaona si vyema ujuzi ule uozee kwenye bahasha ya kaki, tukauweka mikononi mwa jamii iliyotulea. Hatukudai mshahara. Tuliomba mlango na ruhusa, na mwanzoni vyote viwili tulipewa. Tunakushukuru kwa hilo, na shukrani hiyo haijafutika.

Kilichotokea baadaye ndicho kinachotufanya tuandike hadharani. Barua zetu zimepokelewa masijala na kugongwa muhuri, nakala tunazo. Tumefika ofisini kwako na kuambiwa tumwone fulani, naye fulani akatuambia suala liko mezani kwako. Tumepitia kwa diwani, akatusikiliza vizuri, jambo likaishia hapo. Hatuandiki kwa hasira wala kwa kumtafuta mtu ubaya. Tunaandika kwa sababu kazi tuliyoianza inaharibika huku tunaiona, na kila mvua inayonyesha inachukua sehemu yake.

Kabla ya kueleza malalamiko, naomba tufahamiane. Watu wengi wakisikia mkutubi wanamfikiria mtu anayekaa nyuma ya meza na kuwaambia wenzake wanyamaze. Aliyesoma Bagamoyo anajua mambo mengine. Mji ule mdogo una chuo chetu na una pia Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, ile iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa na ambayo tangu 2007 watu wanaiita TaSUBa. Asubuhi unajifunza uainishaji wa vitabu, jioni unasikia ngoma na marimba, na ukiwa na masikio yako huwezi kurudi bwenini ukiwa yuleyule. Ndiyo maana katika kundi letu yupo anayetunga mashairi ya vina na mizani na kuyaghani mbele ya watu, yupo anayechora mabango na majalada ya vitabu, yupo dada anayejalidi vitabu vilivyochanika kwa uzi, kitambaa na gundi ya unga wa ngano anayoipika mwenyewe jikoni. Wapo wawili ambao kazi yao kubwa ni kuwasikiliza wazee na kuwarekodi. Hatuoni kwamba sanaa hizi ni za kando na taaluma iko pale. Kwetu ni kazi moja: kufanya maandishi na maneno ya watu yawafikie watu.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Chumba cha kusomea kimefungwa na kufanywa stoo.

Unakifahamu chumba kile kwenye jengo la zamani la halmashauri, chenye madirisha mawili yanayotazama mwembe. Tulikikuta na vitabu vimerundikwa chini, vingi vikiwa vya msaada kutoka nje ambavyo hakuna mtoto wa hapa angevishika: miongozo ya kompyuta zilizokwisha kuzikwa, vitabu vya sheria za nchi za watu. Tulivichambua, tukapata vinavyofaa, tukaomba vya Kiswahili kwa walimu wastaafu na kwa wafanyabiashara wa sokoni, tukaviorodhesha na kuvipa namba.

Halafu tukaanza vipindi vya watoto vya Jumamosi. Hapa naomba nikae kidogo, maana nina hakika hujawahi kuelezwa vizuri kilichokuwa kinafanyika mle ndani. Watoto walikaa kwenye mikeka. Mwenzetu mtambaji alianza, "Paukwa!", nao wakajibu "Pakawa!" mpaka mafundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara wakawa wanainua vichwa. Hadithi ilisimuliwa ikafika pazuri, kisha ikakatizwa makusudi. Watoto waligawanywa katika makundi madogo, kila kundi likapewa karatasi zilizotumika upande mmoja, tulizoziomba kwenye ofisi zako, wakaandika mwisho wao wenyewe. Waliochelewa kujua kuandika walichora. Baada ya hapo walifundishwa kukunja karatasi, kutoboa matundu matatu kwenye mkunjo na kushona kijitabu kwa sindano na uzi. Kijitabu kikishakamilika kiliingizwa kwenye katalogi kama kitabu kingine chochote: jina la mtunzi, jina la kitabu, namba, kadi ya kuazimia mfukoni. Kilikaa rafuni na watu walikiazima.

Kimoja kilitungwa na binti wa darasa la tatu, kinamhusu fisi aliyekwenda zahanati akaambiwa apange foleni. Kiliazimwa mpaka jalada likabanduka, tukalishona upya. Mama yake, ambaye hakuwahi kukanyaga chumba kile, alikuja kuangalia kadi ya kuazimia ili asome majina ya watu waliomsoma mwanawe. Akayasoma yote kwa sauti.

Mwaka wa kwanza chuoni tulifundishwa kanuni tano alizoziweka mkutubi Ranganathan wa India mwaka 1931: kwamba vitabu ni kwa ajili ya kutumiwa, kwamba kila msomaji ana kitabu chake na kila kitabu kina msomaji wake, na zile nyingine. Darasani tulizikariri kwa ajili ya mtihani. Kwenye kile chumba tuliziona zikitembea.

Leo chumba kina viti vya plastiki vya sherehe, maboksi na jenereta bovu. Tuliambiwa ni kwa muda mfupi. Vijitabu vya watoto viko mle ndani, nyuma ya viti, na hatujaruhusiwa hata kuingia kuvitoa. Watoto wanatuuliza njiani kama vipo, nasi hatuna jibu la kuwapa.

2. Majalada ya zamani yanaoza, na walioanza kuyaokoa wamezuiwa.

Nyuma ya jengo hilohilo kuna chumba kingine ambacho paa lake linavuja. Mle mna daftari za kodi, mihtasari ya mabaraza, mashauri ya mipaka ya mashamba, barua za kuomba visima, orodha za wanafunzi wa shule za kati. Hali yake ina historia. Mwaka 1972, serikali ilipopeleka madaraka mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa, na ziliporudishwa kwa sheria za mwaka 1982 ofisi zilikuwa zimehama na majalada yamechanganyika. Hilo si kosa lako, na wala si la aliyekutangulia.

Kwa idhini ya ofisi yako tulianza kuyashughulikia. Kazi hii haina haraka. Unavaa barakoa kwa sababu ya ukungu. Unatoa pini iliyoshika kutu bila kuivuta, maana ukiivuta inaondoka na karatasi. Unapangusa vumbi kwa brashi laini ya rangi, kuanzia katikati ya ukurasa kwenda pembeni. Karatasi iliyolowa huianiki juani, inakakamaa na wino unapauka. Unaiweka kivulini kwenye hewa, katikati ya karatasi zinazonyonya maji, na kuzibadilisha mara kwa mara. Tulikuwa tumefika karibu nusu ya rafu, na kila jalada lililosafishwa lilikuwa limeandikwa kwenye orodha.

Faida yake ilionekana mapema kuliko tulivyotarajia. Mzee mmoja, aliyekuwa tarishi wa halmashauri ujanani, alikuwa akihangaikia mafao yake kwa kukosa ushahidi kwamba aliwahi kuajiriwa. Tulilikuta jina lake kwenye daftari la mishahara, mwezi kwa mwezi, na dole gumba lake kwa wino wa zambarau pembeni. Ofisi yako ndiyo iliyomthibitishia nakala. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yule mzee alikuwa karibu kupotea bila habari na yeye mwenyewe akiwa hai.

Siku chache baada ya hapo tulinyang'anywa ufunguo, bila maelezo. Majalada yaliyosafishwa yamerudishwa sakafuni pamoja na yale machafu, na dari haijazibwa.

Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inaweka wajibu wa kutunza kumbukumbu za umma kwa kila ofisi ya umma, na wajibu huo haumsubiri mtu mwenye muda. Taifa letu lina nyaraka zilizoingizwa kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO: kumbukumbu za utawala wa Kijerumani mwaka 1997, kisha maandiko na vitabu vya Kiarabu vya Zanzibar mwaka 2003. Tunajivunia, na tuna haki. Lakini karatasi zile ziliwahi kuwa karatasi za kawaida kwenye kabati la ofisi fulani, na zipo leo kwa sababu kuna watu walizitunza kabla hazijawa na sifa yoyote. Kinachooza nyuma ya jengo letu ni karatasi za aina hiyohiyo, na zinawahusu watu ambao wajukuu wao bado wako hapa.

3. Sauti za wazee zimetumika bila ridhaa yao na bila majina yao.

Hili ndilo lililotuuma zaidi, kwa sababu limegusa heshima ya watu waliotuamini.

Wenzetu waliwarekodi wazee katika kata kadhaa: nyimbo za kulima na za kutwanga, majina ya zamani ya vitongoji na sababu zake, habari za njaa na mafuriko. Kabla ya kurekodi, fomu ilisomwa kwa sauti mbele ya mzee na mbele ya mtu wa nyumbani kwake. Mzee alichagua mwenyewe: asikilizwe na yeyote, asikilizwe na ukoo wake tu, au rekodi isubiri mpaka atakapokuwa ameondoka duniani. Wapo waliochagua hili la tatu, na tuliwaheshimu. Nakala ya rekodi tuliikabidhi halmashauri kwenye flashi, pamoja na fomu, kwa barua iliyosainiwa pande zote mbili. Tulidhani hapo ndipo mahali salama zaidi.

Kwenye maonesho ya Nane Nane, banda la halmashauri lilipiga nyimbo zile kwenye spika kuanzia asubuhi. Hapakuwa na jina la mwimbaji, hapakuwa na jina la kijiji. Bibi mmoja, ambaye kwenye fomu alisema sauti yake iwe ya ukoo wake, aliisikia akiwa amesimama kwenye foleni ya maji ya kunywa. Alitufuata sisi, na alikuwa na haki ya kutufuata, maana sisi ndio tuliokaa kwenye kigoda chake na kumwahidi. Tulimwomba radhi kwa jambo ambalo hatukulifanya. Tangu siku hiyo kuna nyumba ambazo hatukaribishwi tena.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwimbaji kuwa na haki juu ya uimbaji wake, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lakini hata bila sheria hizo, Ndugu Mkurugenzi, mtu mzima ametoa neno lake na neno lake limevunjwa. Tulipouliza flashi iko wapi, hakuna afisa aliyeweza kutuonesha.

4. Kazi yetu inahesabika kuwa ya ofisi, sisi wenyewe hatuhesabiki.

Kwenye taarifa ya utekelezaji iliyosomwa mbele ya madiwani, Jumamosi zetu zilitajwa kuwa programu ya halmashauri ya kukuza usomaji, pamoja na picha tuliyoipiga wenyewe. Wakati taarifa ile inasomwa chumba kilikuwa kimeshafungwa. Aidha, kila wakaguzi wanapokaribia tunapigiwa simu tuje kupanga masijala. Tunakuja, tunapanga majalada kwa mfuatano, tunarekebisha rejista, na wakaguzi wakishaondoka tunaagwa kwa soda.

Hatujali sana kusifiwa. Tunachokikosa ni kipande cha karatasi. Kwenye usaili wa ajira tunaulizwa uzoefu, nasi tunao, ila hatuna barua hata moja ya kuuthibitisha, kwa sababu kila tukiomba tunaambiwa hatukuwa na mkataba. Binti aliyeorodhesha nusu ya nyaraka za wilaya hii anaingia kwenye usaili akionekana mtu ambaye tangu amalize chuo amekaa nyumbani. Huo ni mzigo mnaomtwika bila hata senti moja kutoka kwenye bajeti yenu.

5. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo hawafundishwi.

Kwa ufupi: wanaletwa na vyuo kwa barua rasmi, wanapewa kazi ya kutoa fotokopi na kupeleka majalada ofisi kwa ofisi, wanajaziwa fomu za tathmini na mtu ambaye hajawahi kukaa nao. Wangeweza kuwa nasi kwenye chumba cha nyaraka, wajifunze, na rafu zisizosafishwa zikapungua.

Sasa najua majibu tutakayopewa, kwa sababu mengine tumeshapewa kwa mdomo.

Tutaambiwa hakuna bajeti. Tunajua hali ya mapato, hatuishi mwezini. Lakini kuhamisha viti na jenereta bovu hakuhitaji kasma ya bajeti, na kurudisha ufunguo hakuhitaji kikao cha fedha. Paa ndilo linahitaji fedha, na hata hapo tumekwisha kuzungumza na fundi aliye tayari kutoa nguvu zake endapo mabati yatapatikana. Tumewahi pia kushauriwa tuunde kikundi tukachukue mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri huitenga kwa vikundi, kwenye asilimia 4 ya vijana. Mkopo ule ni mzuri kwa mwenye kufuga kuku au kushona nguo, maana atauza na kurejesha. Mtoto anayekuja kusikiliza hadithi hatumuuzii kitu. Tukikopa, tutalipa kwa nini?

Tutaambiwa nyaraka zina siri. Baadhi ndiyo, na hakuna anayelijua hilo kuliko mtu aliyelisomea. Tuko tayari kula kiapo cha kutunza siri kama watumishi wengine. Majalada ya watumishi na ya mashauri yanayoendelea yatengwe, yafungiwe, tusiyaguse. Sheria ile ya 2002 imeweka miaka 30 kuwa muda ambao baada yake kumbukumbu za umma hufunguliwa kwa wananchi, na sehemu kubwa ya yaliyomo kwenye kile chumba yana umri zaidi ya huo. Zaidi ya hayo, siri haitunzwi kwa kuachia maji yaingie. Chumba kile kina dirisha lisilo na kioo. Mtu mwenye nia mbaya hahitaji ufunguo.

Tutaambiwa siku hizi watu wana simu, maktaba za nini. Watoto wa Jumamosi hawana simu, na wazazi wao wenye simu wanahesabu bando. Na hata aliye na simu, habari za kijiji chake hatazikuta humo kama hakuna aliyeziandika, akazipanga na kuziweka mahali. Wenzetu wanaorekodi wazee wanatumia simu hizohizo.

Tutaambiwa sisi ni kikundi tu, hatuna mamlaka ya kushika mali ya umma. Hapa naomba tutazame kwa jirani. Nairobi, mwandishi Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka walianzisha taasisi ya Book Bunk mwaka 2017, wakaingia makubaliano na serikali ya kaunti ili wafufue maktaba za umma: ile kubwa ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931, pamoja na za Kaloleni na Makadara kwenye mitaa ya watu wa kawaida. Majengo yalibaki kuwa ya umma. Kilichohitajika ni serikali kukubali kukaa mezani na raia wenye nia na kuandikiana. Jijini humohumo, jengo la Nyaraka za Taifa la Kenya lina sanaa na vitu alivyovikusanya Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa nchi hiyo, na watu wanaingia kuvitazama kutoka barabarani. Na kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, tangu mwaka 1996 ngamia wamekuwa wakibeba vitabu kutoka Garissa kuwafuata wafugaji. Watu wa maktaba waliona wasomaji wanahama, wakahama nao.

Na kwa nini twende mbali? Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwenyewe, Desemba 9, 1967, siku ya Uhuru, na naamini hakuichagua siku ile kwa bahati. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata vijiji vilipata vyumba vya kusomea na magazeti yao ya vijijini. Baadhi ya wazee tuliowarekodi walijifunza kusoma kwenye kampeni zile, chini ya miti, wakifundishwa na vijana wa kujitolea ambao hawakuwa na vyeti kama vyetu. Nchi hii imewahi kuwaamini vijana wake kwa kazi hii, ikiwa maskini kuliko ilivyo leo.

Tunachoomba, Ndugu Mkurugenzi, kinatekelezeka.

Kwanza, chumba cha kusomea kifunguliwe na vitu visivyohusika viondolewe. Kama viti havina pa kwenda kwa sasa, turuhusiwe walau kuvitoa vijitabu vya watoto na katalogi yake, na tupewe sehemu ya ukumbi kila Jumamosi asubuhi.

Pili, majalada yainuliwe kutoka sakafuni wiki hii, kabla mvua hazijakolea. Yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta unaovuja. Hilo ni la dharura na tuko tayari kulifanya kwa mikono yetu, afisa wako akiwa amesimama hapohapo. Baada ya hapo ofisi iwaandikie wenye dhamana ya nyaraka za taifa, waje wakague na kushauri yapi yabaki na yapi yahamishiwe kwao.

Tatu, flashi ya sauti itafutwe na irudishwe pamoja na fomu zake. Matumizi ya rekodi yale yasimame mpaka kila mzee aulizwe upya. Na bibi yule aliyesikia sauti yake uwanjani aombwe radhi na halmashauri yenyewe, nyumbani kwake, na mtu mwenye cheo. Tusitumwe sisi tena.

Nne, iandikwe hati fupi ya makubaliano kati ya halmashauri na kundi letu: tunafanya nini, wapi, chini ya usimamizi wa nani, kwa kipindi gani. Kila anayejitolea apewe barua inayotaja kazi aliyoifanya na muda aliofanya, ikiwa ni pamoja na waliokwisha kufanya kabla ya leo. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo waunganishwe kwenye utaratibu huohuo. Na pale ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, itakaporuhusu nafasi ya mkutubi au mtunza kumbukumbu, itangazwe na ijazwe na mtu aliyeisomea, awe wa kwetu au wa kutoka mkoa mwingine.

Hatuombi mishahara katika barua hii. Kudai ajira ni haki yetu na tutaidai kwa njia zake, ila hatutaki suala la majalada na watoto lisubiri suala la mishahara.

Tunaomba majibu kwa maandishi, na tunaomba suala hili liwekwe kwenye ajenda za kikao kijacho cha Baraza la Madiwani, nasi tualikwe kueleza. Tutakuja na orodha ya majalada tuliyokwisha kuyasafisha, nakala ya barua ya makabidhiano ya flashi, na fomu za ridhaa tulizobakiwa nazo. Kikao kikipita bila jambo hili kuguswa, tutazipeleka nyaraka hizohizo kwa Mkuu wa Wilaya na kwa wenye mamlaka ya kumbukumbu za taifa, na wewe tutakupa nakala kama tulivyokupa hii.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhitimu wa ukutubi na nyaraka,
kwa niaba ya wenzangu wahitimu na wanafunzi wa wilaya hii